Juu ya Matangazo Yasomwayo Kanisani

Mwezi huu twataka kujifunza pamoja neno ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo. Ni matangazo. Mahubiri yakiisha na sadaka ikiisha kutolewa, mzee wa kanisa husimama na karatasi yake, akasoma habari za juma: ndoa itakayofungwa, mgonjwa wa kuombewa, mkutano wa akina mama, zamu ya kufagia kanisa, changizo la bati. Saa ile ndipo watoto waanzapo kulia, vijana hutazama mlango, na wanakwaya hunong'onezana juu ya wimbo wa kutokea. Kila mtu ajua ya kuwa ibada haijaisha, walakini wengi wamekwisha kwenda nyumbani kwa moyo.

Sisi twaona ya kuwa mtu akitaka kuujua usharika, asikilize matangazo yake. Mahubiri yaweza kuwa mazuri kwa sababu mhubiri amepewa kipawa, na nyimbo zaweza kuwa tamu kwa sababu ya mwalimu wa kwaya. Bali katika matangazo usharika husema wenyewe: haya ndiyo tuyafanyayo, hawa ndio tuwakumbukao, siku hizi ndizo tuzingojazo. Tena, kwa yale yasiyosomwa, husema ni nani tuliowasahau.

Na tuchukue Oldonyo Sambu kuwa mfano wetu, maana mahali pale hulifundisha jambo hili vema kuliko mjini. Pako chini ya Mlima Meru, upande wa kaskazini na magharibi, kando ya barabara iendayo Longido na Namanga. Mtu atokaye Nkoaranga au Akeri, penye migomba na kahawa na mifereji ya maji, akiuzunguka mlima hata kufika huku, atauliza kama kweli ni mlima ule ule. Mlima huzipokea mvua upande wa kusini na mashariki, na upande huu huachiwa mabaki. Watu wake ni Waarusha na Wamaasai, walimao mahindi na maharagwe kwa kutumaini, na wafugao ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda. Nyumba zao hazikukaribiana kama vihamba vya Machame. Boma moja liko hapa, la pili liko ng'ambo ya korongo, na la tatu mtu hulifikia baada ya mwendo wa saa nzima.

Basi fikirini Jumapili moja ya kiangazi. Ni nani aliye ndani ya kanisa? Vijana wamewapeleka ng'ombe mbali kutafuta majani. Mama mmoja ameondoka na punda wake na madumu tangu alfajiri, naye hatarudi kabla ya saa sita. Bibi mzee magoti yake yamekataa. Mwingine ameshuka Ngaramtoni, maana soko la Ngaramtoni huwa siku ya Alhamisi na siku ya Jumapili, na mwenye mbuzi mmoja wa kuuza kwa ajili ya ada ya shule hachagui siku. Tangazo lililosomwa mbele ya watu mia, na hali watu mia mbili wa usharika ule ule wako nje, limewafikia akina nani? Nasi kisha twawalaumu wale mia mbili kwamba hawakuja mkutanoni!

Hapa ndipo penye somo letu. Tangazo lisomwapo kanisani halijamaliza safari yake, limeianza tu. Kila alisikiaye amepewa mzigo wa kuuchukua nyumbani, kwake na kwa jirani asiyekuwapo. Asipouchukua, mzee wa kanisa amesoma bure.

Waalimu wa kwanza walilijua jambo hili kwa sababu ya dhiki. Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Nkoaranga mwaka 1902, na Ilboru kwa Waarusha mwaka 1904. Vita ile kubwa ya 1914 hata 1918 ilipokwisha, wamisionari Wajerumani waliondolewa katika nchi mwaka 1920, na sharika zikabaki mikononi mwa waalimu na wazee. Watu hao hawakuwa wamewekewa mikono ya uchungaji, vitabu vyao vilikuwa vichache, na mishahara ilikuwa haba au haipo kabisa. Walakini kazi haikufa. Habari zilikwenda kwa miguu na kwa midomo ya watu.

Bruno Gutmann, mmoja wa wamisionari hao, aliyefanya kazi Uchagani tangu mwaka 1902 hata 1938, ingawa alikatizwa na vita, alishika sana fundisho moja: ya kuwa watu wamekwisha kufungwa pamoja kwa ukoo, kwa ujirani na kwa rika, na ya kuwa kanisa lisizikate kamba hizo bali lizitumie. Wengine walimlaumu ya kuwa aliyapenda mno mambo ya kale, nasi hatumfuati katika yote. Lakini katika jambo hili la matangazo twasema alikuwa na haki. Kwa Waarusha na Wamaasai rika ni kamba isiyokatika upesi. Kuna mzee asiyeitikia wito wa mwinjilisti kijana hata akiitwa mara saba. Akiitwa na mwenzake wa rika lake, huchukua fimbo yake na blanketi lake akaja. Basi kwa nini tangazo la wazee lipelekwe na kijana? Na tangazo la akina mama, si vema zaidi lipitie njia ya maji, ambako akina mama hukutana kila siku pasipo kuitwa na mtu?

Siku hizi tangazo huandikwa katika simu, likatumwa kwa kundi zima kwa dakika moja. Hatulaumu. Habari ya msiba hufika Dar es Salaam kabla jeneza halijachongwa, na mtoto wa marehemu hupata nafasi katika basi la alfajiri. Walakini simu humpelekea habari mwenye simu, tena mwenye chaji, tena ajuaye kusoma. Tumeona ya kuwa tangu simu zilipoingia, wengine waliokuwa wakipita kwa jirani baada ya ibada hawapiti tena, wakisema, amekwisha kupata katika kundi. Bibi yule wa magoti hayumo katika kundi.

Sasa tuseme juu ya lugha na majina, maana hapa pana hatari kubwa kuliko mtu adhanivyo. Desturi yetu ni kuitangaza ndoa Jumapili tatu. Na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo yataka taarifa itolewe, zisipungue siku 21, kabla ya ndoa kufungwa. Kusudi la tangazo hilo ni nini? Si heshima kwa maarusi, wala si kuwapa watu nafasi ya kushona nguo. Ni swali. Usharika waulizwa, je, yuko ajuaye kizuizi? Na swali lisiloeleweka haliwezi kujibiwa.

Katika usharika mmoja, ambao hatutautaja, ndoa ilitangazwa Jumapili tatu kama ilivyo desturi. Bwana arusi alitajwa kwa jina lake la ubatizo, upesi, kwa Kiswahili, baada ya tangazo la bati. Upande wa wanawake aliketi mama mmoja aliyejua vema ya kuwa mtu yule anaye mke na watoto wawili mahali pengine, na mahari imekwisha kulipwa. Lakini kwao mtu yule huitwa kwa jina jingine. Hilo la ubatizo mama yule hakupata kulisikia kamwe. Alikaa Jumapili zote tatu asitambue neno. Alikuja kutambua siku ya arusi yenyewe, alipomwona mlangoni mwa kanisa. Yaliyofuata twaacha kuyasimulia. Yatosha kusema ya kuwa msichana alirudi kwa baba yake, na aibu ikakaa juu ya watu wasio na kosa. Tangu siku hiyo wazee wa usharika ule husoma jina la ubatizo, na jina la nyumbani, na ukoo, na boma, kwa Kiswahili na kwa Kimaasai, pasipo haraka. Yachukua dakika mbili zaidi. Wako walionung'unika juu ya dakika hizo mbili.

Tuje kwenye fedha, maana msomaji amekwisha kujiuliza mbona hatujazitaja. Tulipata kuhesabu matangazo ya Jumapili moja, nayo yalikuwa kumi na moja. Katika hayo, saba yalikuwa ya kutoa. Hatusemi ya kuwa kutoa ni kubaya. Kanisa halijengwi kwa upepo. Lakini mtu mgeni akisikia saba katika kumi na moja, atadhani ya kuwa neno tulilomwitia ni hilo.

Mtume Paulo naye hakuona haya kuzimaliza nyaraka zake kwa matangazo. Akiisha kuwafundisha Wakorintho habari kuu ya ufufuo, mara huanza kunena juu ya changizo la Yerusalemu, na jinsi ya kuliweka akiba kidogo kidogo kila juma. Kisha husema atakaa Efeso hata Pentekoste, na Timotheo akija wampokee vema. Katika sura ya mwisho ya Waraka kwa Warumi humtambulisha Foibe wa Kenkrea, akafuatisha salamu kwa watu wengi mmoja mmoja kwa jina lake. Angalieni uwiano wa mambo hayo: changizo limo, lakini limezungukwa na watu. Tena Paulo aliangalia sana ya kuwa changizo lile lipelekwe na watu waliochaguliwa na sharika zenyewe, ili mtu awaye yote asipate la kulaumu.

Katika nchi walikotoka wamisionari wetu wa kwanza uko mji mdogo uitwao Leisnig, katika Saksonia, si mbali sana na Leipzig. Mwaka 1523 watu wa usharika ule waliandika kanuni ya sanduku moja la wote, na Martin Luther akaiandikia dibaji. Mali ya kanisa iwekwe katika sanduku hilo kwa ajili ya mchungaji, na shule, na majengo, na maskini, na yatima, na wazee wasiojiweza. Sanduku liwe na kufuli nne, na funguo zake zishikwe na watu wa namna nne: makabaila, baraza la mji, wenyeji wa mji, na wakulima wa vijijini. Waangalizi wawe kumi, na mara tatu kila mwaka usharika wote ukutanike kusikia mambo ya sanduku na hesabu yake. Msidhani ya kuwa mambo yalikwenda vema mara moja. Baraza la mji halikupenda kuiachia mali iliyokuwa mikononi mwake, na Luther mwenyewe aliona taabu kwa ajili yao. Lakini twapendezwa na ule ufunguo wa mkulima. Mtu wa shamba aweza kuwa hajui kusoma hesabu, bali pasipo yeye sanduku halikufunguka.

Kwetu ufunguo wa mkulima ni tangazo la hesabu. Usharika uliotangaza changizo la bati Jumapili kumi na mbili, umewiwa Jumapili ya kumi na tatu ya kusema: zimepatikana shilingi kadha wa kadha, bati zimenunuliwa kadha, zimebaki kadha, na risiti ziko kwa mtunza hazina, atakaye na aje azione. Tangazo hilo la kumi na tatu ndilo lipoteao mara nyingi. Na likipotea, changizo linalofuata huwa zito, wala si kwa sababu watu wamekuwa wachoyo.

Mnada wa mavuno sisi twaupenda. Ibada ikiisha, watu hutoka nje, na vitu vilivyoletwa madhabahuni huuzwa chini ya mti: debe la mahindi, kuku aliyefungwa miguu, kibuyu cha maziwa, kondoo. Yai moja la mjane hununuliwa kwa bei ya kuku, mnunuzi akalirudisha liuzwe tena, na watu hucheka hata machozi. Huo ni ushirika wa kweli. Lakini mwenye kuuza asimtaje mtu ambaye hakununua, wala asifanye mzaha na nguo ya mtu. Nayo desturi ya kusoma majina ya wasiomaliza ahadi zao, mahali ipatikanapo, twasema wazi ya kuwa yafaa iachwe. Mtu aliyesomwa hivyo Jumapili moja, Jumapili ya pili hukaa nyumbani, na ya tatu hupata pengine pa kwenda. Wazee na wamwendee usiku nyumbani kwake. Huenda wakakuta ya kuwa yeye ndiye mwenye kuhitaji kuletewa.

Tukiwa bado kwenye bati, liko tangazo moja ambalo twatamani lisomwe huku kila mwaka, ingawa si la ibada. Mlima Meru ni mlima wa moto, na maji yapitayo katika mawe yake huchukua madini yaitwayo floraidi. Shirika la Afya Duniani lashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Visima na chemchemi nyingi za pande hizi hukipita kipimo hicho. Ndiyo sababu ya meno yenye madoa ya kahawia, na penye floraidi nyingi sana hata mifupa hudhurika. Watu wengi hudhani ya kuwa kuchemsha kwatosha. Kuchemsha huua vijidudu, ni kuzuri, wala tusiache. Lakini hakuondoi floraidi. Maji ya mvua ndiyo yaliyo karibu kuwa hayana kabisa. Paa la kanisa lenye mita 200 za mraba, ikinyesha milimita 10 tu, hupokea lita 2,000, nazo zote hupotea chini kama hakuna mfereji wa bati na tangi. Waliochangia bati wangefurahi kuambiwa ya kuwa waweza kuyanywesha watoto wao maji yake.

Sasa miezi iliyo mbele yetu. Mwisho wa Septemba huja sikukuu ya Mikaeli na Watoto. Mavuno kila usharika huyaweka kwa kadiri ya mashamba yake. Tarehe 31 Oktoba twakumbuka Matengenezo ya Kanisa, maana ni siku hiyo mwaka 1517 ambayo Luther alizitoa hoja zake tisini na tano. Nazo, kama isimuliwavyo, alizibandika katika mlango wa kanisa la Wittenberg, mahali pa kubandikia matangazo. Kisha huja Majilio, na Krismasi, na katika sharika nyingi kipaimara hufanywa karibu na siku hizo, watoto wawapo likizo.

Wazee waketipo kuzipanga siku hizo, na waulize mambo mawili kabla ya kuandika tarehe. Vuli huanza Novemba. Je, korongo likijaa, watu wa ng'ambo watavukaje pamoja na watoto wao wa kipaimara waliovaa nguo nyeupe? Na ng'ombe watakuwa wapi? Mwaka 2009 ukame uliwaua ng'ombe wengi sana katika Longido na Monduli, na baba wengi walikuwa mbali na nyumba zao kwa miezi, wakiyafuata majani. Mwaka kama huo, kutangaza sadaka ya mifugo ni kumtia mtu kidole katika kidonda. Kalenda ya kanisa imepangwa kwa Pasaka na Krismasi. Kalenda ya boma imepangwa kwa mvua. Mzee mwenye hekima huzisoma zote mbili kwa pamoja, hata ikimpasa kuahirisha mkutano ambao mgeni rasmi amekwisha kualikwa.

Mwisho twarudi kwa watoto. Siku ya Mikaeli watoto huongoza ibada, huimba, husoma masomo, na pengine huyasoma matangazo wenyewe. Twawaomba waalimu wajaribu jambo hili. Juma moja kabla ya siku hiyo, mwalimu na wazee waandike majina ya wale wasiofika kanisani kwa ugonjwa, kwa uzee, kwa mifugo au kwa huzuni. Ibada ikiisha, kila watoto wawili wapewe jina moja la boma lililo karibu na kwao, nao wapeleke matangazo matatu tu, kwa Kimaasai, kabla jua halijachwa: siku ya mavuno, siku ya kipaimara, na jina la mgonjwa mmoja wa kuombewa. La kutoa lisiwemo. Na Jumapili ifuatayo mwalimu awaite mbele, awaulize walimkuta nani, na huyo aliyekutwa aliwatuma waseme nini kanisani.